Baridi ya Mtungi

Tulipokaa kugawana vitu vya marehemu baba, kila kitu kilipata mwenyewe isipokuwa kompresa. Redio ilibaki kwa mama, ambaye ndiye aliyekuwa akiisikiliza tangu mwanzo. Masweta yalikwenda kwa binamu, na spana zikagombewa kistaarabu na watu ambao hawajui kuzitumia, mimi nikiwa mmoja wao. Halafu shangazi akaenda kutazama kuku, akajikwaa, akarudi anachechemea na kuuliza ni nani aliyeweka jiwe la chuma mlangoni pa banda.

"Si jiwe, shangazi," nikamwambia. "Ni kompresa ya AC."

"Ya nini?"

"Ya kuleta baridi ndani ya gari."

Shangazi ameishi Mbulu maisha yake yote. Alivuta shuka lake begani, akatazama ukungu uliokuwa umekaa juu ya migomba, akauliza, "Na nani huyo aliyepungukiwa baridi?"

Niliinua lile dude. Lilikuwa na uzito wa mbuzi mdogo, na nilipolisogeza puani lilikuwa bado na harufu yake, oili iliyoungua iliyochanganyika na makapi ya ngano. Nililichukua. Siku hizi liko kwenye rafu ya vitabu vyangu, kati ya kamusi mbili, na wageni wangu wasomi hulitazama kwa heshima wakidhani ni sanaa ya kisasa. Siwasahihishi.

Siku zile tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la ngano la serikali, katika tambarare za Hanang, mlima ukiwa upande mmoja na ngano pande zote zilizobaki. Baba alikuwa msimamizi wa karakana. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mashine za kuvunia zinatembea wakati wa mavuno, na kwa sababu hiyo watu wa vijiji vya jirani, hata wafugaji wa kule Getanuwas, walimwita Bwana Mashine. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wote wawili ni wazaliwa wa Mbulu, ambako baridi haihitaji kutengenezwa na mtu.

Gari tulilipata kwa mtaalamu mmoja wa Kanada aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao. Lilikuwa refu, lenye nafasi nyuma ya kulaza magunia, na kwenye dashibodi lilikuwa na kitufe chenye kijipicha cheupe cha kitu chenye miguu mingi. Niliamini ni buibui. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilikuja kuambiwa kuwa ile ni theluji. Kitufe hakikufanya kazi yoyote, na mimi nilishukuru, kwa kuwa sikuona sababu ya mtu kuita buibui ndani ya gari.

Kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa kimekufa, baba aliendesha vioo vikiwa chini. Hili lilikuwa jambo kubwa kuliko nilivyoelewa. Njia za shambani zilikuwa na watu wakati wote, wanawake wenye kuni, wazee na fimbo zao, wachungaji, na baba alisimamisha gari kwa kila aliyemzidi umri. Shikamoo, habari za nyumbani, habari za ng'ombe, mvua za kwenu zilikuwaje. Safari ya kwenda dukani ilikuwa kama ibada. Magari mengine ya shamba, yale ya wakubwa, yalipita na vioo vimepandishwa, na ndani yake uliona miwani tu. Wafugaji walikuwa na maoni yao kuhusu magari hayo. Gari la vioo lilipofika kwenye boma, mara nyingi lilileta habari kwamba njia fulani ya ng'ombe imefungwa, au kwamba malisho fulani sasa ni ngano.

Dada yangu Emiliana alikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni huko Mbulu. Alikuwa na pumu, ingawa neno hilo hatukulitumia. Nyumbani tulisema "kifua", tena kwa sauti ya chini, kwa sababu wakati ule mtu akisikia kifua alifikiria kifua kikuu, na akishafikiria hivyo hanywi tena kikombe cha kwenu, wala hamruhusu mwanawe aje kuposa. Muhula wa kwanza Emiliana alisafirishwa alfajiri kwa lori, kusudi akwepe vumbi la mchana. Alikwepa vumbi, akakutana na umande. Alifika Mbulu midomo imebadilika rangi, wakampitiliza hospitali badala ya bwenini. Mlezi wa bweni, mama mwenye huruma lakini asiyezungusha maneno, alimwambia baba kwamba akiletwa tena katika hali ile atarudishwa siku hiyohiyo, maana bweni si wodi.

Mama aliongeza la kwake. "Akizidiwa tena njiani, basi. Atakaa nyumbani, tutaona."

"Tutaona" ya mama ilikuwa na maana moja tu, na Emiliana aliijua. Alienda kupanga vitabu vyake upya ndani ya sanduku, ingawa vilikuwa vimeshapangwa.

Likizo yenyewe iliisha katikati ya mavuno, na wakati huo tambarare zile hazikuwa na hewa, zilikuwa na vumbi lililopunguzwa makali. Mashine zilifuatana shambani kama maksai, kila moja na wingu lake nyuma, na wingu lile halikushuka chini hata jioni. Liliingia kwenye uji. Liliingia kwenye daftari za watoto za mama na kufanya alama za vema zionekane za kahawia. Tulijaribu kumzungusha Emiliana shambani kwa gari, vioo vimefungwa. Injini ikapasha sakafu, jua likapasha paa, na sisi katikati tukaiva kama makande. Emiliana ndiye aliyegonga kioo atolewe.

Hapo ndipo baba akasema atatengeneza AC.

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho. "Yaani unamkimbizia mtoto baridi ya Mungu, halafu unamletea ya mtungi."

"Ya mtungi ina swichi," baba akasema. "Ya Mungu haina."

Kulikuwa na mashine moja ya kuvunia iliyopinduka korongoni na kufutwa kazi. Kibanda cha dereva wake kilikuwa na kiyoyozi, na meneja alimruhusu baba achukue anachohitaji. Basi uwani kwetu, juu ya turubai, kukatandazwa kompresa, kondensa lenye umbo la rediata jembamba, mabomba, na chujio dogo la kukausha unyevu ambalo baba alilifunga kwa mpira pande zote mbili na kukataza lisifunguliwe hadi dakika ya mwisho, kwa kuwa linakunywa unyevu wa hewani. Kilikuja pia kitabu cha mashine, kilichoandikwa kwa Kiingereza. Baba alijua injini zote za shamba lile kwa sauti zake, lakini baridi ilikuwa somo jipya, na kitabu akamkabidhi Emiliana.

Naikumbuka siku hiyo kwa sauti yake. Emiliana amekaa kwenye gurudumu bovu la trekta, khanga ya mama imemzunguka pua na mdomo, anasoma na kutafsiri kwa Kiingereza cha muhula mmoja.

"Hapa wanasema, usivute hewa hii. Halafu wanasema, usiiache ikuguse jicho. Halafu... baba, hili neno silijui."

"Liruke."

"Lina mstari chini yake."

"Basi usiliruke."

Baba alikata mkanda, akafungua kompresa ya zamani, ikamwaga oili nyeusi kama chai iliyolala. Kondensa la zamani lilikuwa limezibwa na makapi hadi likawa kama godoro. Ile kompresa ya mashine haikukubali kukaa mahali pa ile ya gari, kwa hiyo alichomea kishikizo kipya karakanani na kurudi nacho kikiwa bado cha moto. Alipaka oili kwenye vipete vya mpira kabla ya kuviingiza kwenye viungo vya mabomba. Kwa kunyonya hewa yote iliyobaki ndani, alitumia mota ya friji lililokufa la nyumba ya wageni ya shamba, ambayo ilinguruma uwani kwetu mchana kutwa hadi kuku wakagoma kutaga. Halafu ukaja mtungi wa gesi. Baba akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, mahali pamoja pakatoa mapovu, akakaza, mapovu yakakoma.

"Sikilizeni," alituambia. "Baridi iko humo ndani sasa. Ikivuja, imekwisha. Na tukisafiri msifungue vioo, itatoka."

Alikuwa ameunganisha mambo mawili tofauti katika pumzi moja, kama watu wazima wanavyofanya, na mimi nikayapokea kama jambo moja. Nilielewa kwamba baridi imetiwa kwenye gari kama mafuta ya taa kwenye koroboi, kwamba ni ile tu, na kwamba kila kioo kinachofunguliwa kinaimwaga. Nilielewa pia, kwa hesabu zangu, kwamba pumzi za Emiliana zilikuwa humohumo. Nimesoma hadi chuo kikuu tangu siku ile, na maelezo yale bado ndiyo pekee ya kiyoyozi ninayoweza kuyatoa bila kusitasita.

Mzee Gidabay wa Getanuwas alipita jioni hiyo. Alikuwa mfugaji, rafiki wa njiani wa baba, mtu mrefu aliyeegemea fimbo yake kwa namna iliyokufanya udhani fimbo ndiyo iliyochoka. Alitazama injini iliyo wazi.

"Bwana Mashine. Unatengeneza nini?"

"Baridi, mzee."

"Hanang imekwisha baridi?"

"Hii ni ya ndani ya gari. Unafunga vioo, unakaa kama mfalme."

Mzee Gidabay alikitazama kioo cha mlango kwa muda. "Unafunga vioo," akasema, si kama swali. Akaaga. Baba angeweza kumwambia sababu. Lakini mama alikuwa amesimama mlangoni, na macho yake yalikuwa yamesema kwamba kifua cha mtoto hakitangazwi uwani.

Tuliondoka siku ya kufungua shule, jua limeshapanda. Baba alibonyeza buibui, na buibui akapumua. Ilikuwa hewa ya ajabu, yenye harufu ya chuma kipya, na Emiliana, aliyevikwa masweta mawili kwa amri ya mama, aliishusha khanga puani kwa mara ya kwanza tangu mavuno yaanze. Nje, vumbi lilipiga vioo na kuteleza. Ndani, dada yangu alikuwa anapumua kimyakimya, jambo ambalo mtu halisikii isipokuwa amezoea kusikia kinyume chake.

Mtu wa kwanza tuliyempita alikuwa mama mmoja mzee mwenye mzigo wa mabua. Baba alipunguza mwendo kwa mazoea, mkono ukaenda kwenye kishikio cha kioo, ukarudi. Akampungia. Mama yule hakupunga, alisimama tu na kutugeukia taratibu tulivyokuwa tukipita. Waliofuata wakawa hivyohivyo. Baba alianza kuinamisha kichwa kila alipoona mtu, kana kwamba anasali.

"Wataelewa," akasema.

"Wataelewa nini?" mama akamuuliza. "Wewe umewaambia nini?"

Karibu na mwisho wa ngano, mahali barabara inapoingia kati ya matuta mawili, tulikuta ng'ombe. Hawakuwa wanavuka. Walikuwa wamesimama barabarani, kundi zima, na katikati yao, ameegemea fimbo, alisimama Mzee Gidabay. Vijana wake wawili walikuwa nyuma yake. Baba alisimamisha gari. Mzee hakusogea. Ng'ombe walizunguka gari na kwato zao zikainua vumbi jekundu lililotufunika hadi hatukuona matuta.

Baba akapunga. Akainamisha kichwa. Mzee Gidabay alikuja hadi kwenye kioo cha dereva, akatazama ndani, akasema kwa sauti ya kutosha kupita kwenye kioo, "Wewe nani?"

Walikuwa wanafahamiana tangu mimi sijazaliwa.

"Mzee, ni mimi," baba akasema kwa ndani.

"Bwana Mashine nilimjua. Alikuwa na mdomo. Wewe ni wa vioo. Wa vioo wana neno. Sema, mmefunga njia gani leo?"

"Hakuna njia, mzee. Tunakwenda Mbulu."

"Nasikia mlio tu. Sisikii salamu."

Baba aliweka mkono kwenye kishikio. Mama akaushika mkono huo. "Vumbi," akasema. Na kweli, nje hapakuwa na kitu kingine. Baba alikuwa amebanwa pande zote mbili. Kumsalimia mkubwa kupitia kioo ni sawa na kumpa mkono wa kushoto, labda mbaya zaidi, na kufungua kioo palepale kulikuwa kumpeleka Emiliana kule kwenye "tutaona". Mimi nyuma nilikuwa nimekumbatia kishikio cha mlango wangu kwa mikono yote, nikilinda baridi.

Emiliana ndiye aliyefungua. Alikuwa upande wa pili, na kabla mama hajageuka kioo kilikuwa kimeshafika chini. Akatoa kichwa nje.

"Shikamoo babu."

Mzee akazunguka gari polepole. "Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Bwana Mashine. Naenda shule. Habari za..." Hakumaliza. Kikohozi kilimkamata katikati ya salamu, kile cha mluzi tulichokijua, akakishika kifua kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine.

Mama alifumba macho. Mzee Gidabay alimtazama Emiliana, akatazama vumbi, akatazama kioo, halafu akamtazama baba juu ya kichwa cha mtoto, na sijawahi kuona mtu akiambiwa mjinga kwa utulivu namna ile.

"Kifua?" akamuuliza Emiliana.

"Kifua, babu."

"Kwa hiyo baridi ya mfalme ni ya huyu."

"Ndiyo, mzee," baba akasema.

"Ungesema."

Aliwaita vijana wake kwa lugha yao, maneno machache, na ng'ombe wakaanza kusukumwa upande ule ambao upepo ulikuwa unakwenda, mbali na sisi. Mzee akatema mate kidogo kwenye kiganja, akakigusisha kifuani mwa dada yangu, juu ya yale masweta mawili, kama wazee wa kwao wanavyombariki mtu.

"Umenisalimia. Inatosha kwa barabara yote," akamwambia. "Atakayeuliza, atakuja kwangu. Funga kioo."

Emiliana alifunga. Baba aliongeza buibui hadi mwisho. Mluzi uliendelea kwa muda, mama akimsugua mgongo na kuhesabia pumzi kwa midomo tu, halafu ukaanza kupungua, na tulipoanza kupanda kuelekea Dongobesh haukusikika tena. Baba alikuwa anatazama kioo kidogo cha juu mara nyingi kuliko barabara.

Mahali fulani katika kupanda huko, mbele ya gari palitoa sauti kama ya mtu anayefyonza meno. Baba na mama wakatazamana. Mimi sikujali, kwa kuwa ndani ya gari baridi ilikuwa inazidi. Tulivyozidi kupanda ndivyo ilivyozidi, hadi nikaanza kutetemeka, na nilimwona baba yangu kuwa mtu mwenye uwezo wa kutisha. Nilimwomba apunguze kidogo.

"Napunguza," akasema, akabonyeza kitufe ambacho wakati huo kilikuwa hakina kazi kuliko hata zamani.

Tulipofika shuleni, mlezi wa bweni alitoka akiwa amejifunga shali. Alimshika Emiliana mabega, akainamisha sikio hadi karibu na mdomo wake, akasikiliza kama anayesikiliza saa. Sisi wote tuliacha kupumua ili asije akachanganya.

"Chukua sanduku," akamwambia. "Chai iko mezani."

Emiliana aliondoka bila kugeuka nyuma, kwa haraka ya mtu anayeogopa wenye mamlaka watabadili mawazo. Baba alifungua boneti. Kiungo kimoja cha lile bomba la mashine ya kuvunia kilikuwa kimelowa oili, na gesi yote ilikuwa imekwenda zake mlimani. Alikitazama, akafunga boneti polepole.

"Imefanya kazi," akasema.

"Imefanya," mama akakubali. "Halafu Mungu akapokea."

Hakuitengeneza tena. Hapakuwa na haja. Tangu muhula ule, watu wa barabara ile walipoona gari letu likipita na vioo vimefungwa wakati wa shule kufungua, waliwasogeza ng'ombe mapema na kuinua fimbo zao kutoka mbali, na mlezi wa bweni hakuwahi tena kutaja wodi. Lile joto la kutuivisha kama makande tulilipunguza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji na kutundikwa dirishani kwa ndani, wazo la mama, ambalo angeweza kulitoa mapema kama angeulizwa.

Lakini siku ile, wakati wa kurudi, baba alishusha vioo vyote tulipoingia kwenye ngano. Vumbi likaingia kama lilikuwa limetusubiri. Kwenye matuta mawili, Mzee Gidabay alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya njia, ng'ombe wake mbali, na ilionekana hakuwa na shughuli nyingine pale. Baba alizima injini kabisa.

"Shikamoo mzee."

Mzee hakuitikia kwanza. "Kafika?"

"Kafika. Anapumua."

"Marahaba," akasema, akanyoosha miguu. "Haya. Habari za nyumbani?"

Wakaanza tangu mwanzo. Nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua za mwaka uliopita, ndama aliyeliwa na fisi, mguu wa mke mkubwa. Mama naye aliuliza ya kwake. Jua lilishuka, vumbi likatukaa kwenye kope, na mimi kiti cha nyuma nilivitazama vile vioo vinne vilivyo wazi kabisa, nikashangaa baba amepata wapi baridi ya kumwaga namna ile.